Taarifa Imetolewa, Mtoto Yuko Wapi?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto wa chumba cha jirani. Sisi tunaoishi Mbagala, Charambe, Tandika, Tandale au Mwananyamala tunazijua vizuri nyumba zetu za kupanga. Vyumba sita au vinane, korido moja katikati, choo kimoja uani, na mara nyingi ukuta unaotenganisha chumba na chumba haufiki juu. Jirani akikohoa unamsikia. Kwa hiyo mtoto anapopigwa usiku mpaka sauti inamkauka, au anaposhinda uani bila kula huku wenzake wako shuleni, ni vigumu mtu wa nyumba hiyo kusema hakujua.

Kila tunapozungumzia ukatili dhidi ya watoto, lawama ya kwanza huwaangukia majirani kwamba wamenyamaza. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini leo naomba twende mbele kidogo, tuulize: jirani akishasema, kinafuata nini? Maana wako majirani waliosema. Walikwenda kwa mjumbe, wakaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakaambiwa "tumesikia, tutalishughulikia", wakarudi nyumbani. Mtoto akaendelea kulia palepale.

Tuanze na sheria, maana wengine hudhani kutoa taarifa ni hisani au ni umbea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 95 kwamba ni wajibu wa mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kuwa haki za mtoto zinavunjwa, kuitaarifu mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali hapo. Kifungu hichohicho kinamtaja mzazi, mlezi au ndugu ambaye anao uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Sheria haikusema "mwenye nafasi atoe taarifa". Imesema ni wajibu. Baada ya hapo, afisa ustawi wa jamii ndiye anayetakiwa kumwita mhusika na kulizungumza jambo hilo, na kutoa uamuzi unaomfaa mtoto. Mhusika akikaidi, shauri liende mahakamani. Na pale ambapo mtoto yuko hatarini, afisa huyo pamoja na askari polisi wanaweza kuingia ndani na kumwondoa mtoto, wampeleke mahali salama.

Kwa maandishi, ndugu msikilizaji, njia ipo. Na si sheria peke yake. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Ipo simu namba 116 ambayo mtoto au mtu mzima anapiga bila malipo. Iko Mahakama ya Watoto ya Kisutu, iliyoanzishwa mwaka 1997. Zimeundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia mtaa hadi taifa, chini ya mpango ule unaoitwa MTAKUWWA, uliozinduliwa Desemba 2016 na kuingia awamu yake ya pili mwaka 2024. Temeke yenyewe ilikuwa miongoni mwa halmashauri za mwanzo kujaribu mfumo wa kuwakutanisha ustawi wa jamii, polisi, walimu, waganga na viongozi wa mitaa katika kumlinda mtoto. Hatuwezi kusema tumeanza jana.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24, wakaulizwa yaliyowapata utotoni. Kati ya wasichana 10, karibu 3 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Waliopigwa ngumi, mateke au kuchapwa kwa namna ya kuumizwa walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Lakini hesabu inayohusu mazungumzo yetu ya leo ni hii: karibu nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu yeyote, na waliotafuta huduma yoyote walikuwa kama 1 tu kati ya 5. Wavulana ndio waliokaa kimya zaidi. Mtoto hapimi sheria inasemaje. Anapima nani atamwamini, na akishaaminiwa, jioni atalala wapi.

Watu wa umri wetu tunalikumbuka tukio la Morogoro la mwaka 2014, la mtoto ambaye magazeti yalimwita "mtoto wa boksi". Mama yake alikuwa amefariki, akachukuliwa na ndugu ili alelewe. Mwezi Mei mwaka huo aligundulika akiishi ndani ya boksi, naye alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Amekaa humo muda mrefu, katika nyumba yenye watu, katika mtaa wenye watu. Ni majirani waliofikisha habari kwa viongozi. Mtoto akatolewa, akatibiwa Morogoro, kisha akaletwa Muhimbili. Tarehe 1 Juni 2014 akafariki dunia. Nchi nzima ililia. Walipatikana wafadhili, zikatolewa hotuba. Lakini mapafu na mifupa ya mtoto haisubiri hotuba. Taarifa ilifika, ila ilifika wakati mwili umekwisha kushindwa.

Kisa hicho kilitufundisha kwamba ukimya unaua, na somo hilo tumelishika. Somo ambalo bado hatujalishika ni kwamba hata maneno yanaweza kuua, yakiwa ni maneno yanayopita tu kutoka meza hadi meza.

Tuchukue mfano, ndugu msikilizaji. Si mtu fulani ninayemsema, ni njia yenyewe. Mama mmoja anauza genge Mbagala Kizuiani. Anamwona mtoto wa mpangaji mwenzake ana majeraha mgongoni. Anakwenda kwa mjumbe. Mjumbe anamwambia aende ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti hayupo, arudi kesho. Kesho anapatikana, anasema jambo hili ni la polisi. Polisi wanataka mtoto mwenyewe aje, na mtu mzima wa kutoa maelezo. Anapewa PF3 waende hospitali. Hospitali kuna foleni. Daktari anajaza fomu, inarudi kituoni. Kituoni wanasema waonane na afisa ustawi wa jamii, na huyo yuko makao makuu ya manispaa, au amekwenda kwenye semina, au ana majalada mengine ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza. Kila hatua ni nauli ya daladala kwenda na kurudi. Kila siku genge limefungwa. Siku ya nne yule mama anasema: mimi nina watoto wangu wa kulisha.

Je, tumlaumu? Alitimiza wajibu wake wa kifungu cha 95 siku ya kwanza. Siku tatu zilizofuata alikuwa akifanya kazi ya serikali kwa nauli yake.

Tusisahau ukubwa wa jiji lenyewe. Katika sensa ya mwaka 2022, Temeke peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328, na hiyo ni baada ya Kigamboni na Ubungo kutengwa na kuwa wilaya zake. Temeke ina watu kuliko baadhi ya mikoa. Ofisi ya ustawi wa jamii ikiwa na maafisa wachache, bila gari la uhakika, watalifikiaje tukio la Chamazi saa mbili usiku? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Liko na jambo jingine ambalo walioandika miongozo pengine hawakulipa uzito. Watu wa pembezoni mwa jiji wanahama. Mpangaji akishajua kwamba ameshitakiwa mtaani, hangoji wito. Anakodi kirikuu usiku, anapakia godoro na masufuria, asubuhi chumba kitupu. Jana alikuwa Mbagala, leo yuko Chanika au Bunju. Mtoto amehama, lakini jalada halikuhama. Limebaki kwenye kabati la mtaa wa zamani, na mtaa mpya hawajui lolote. Shule mpya, kama atapelekwa shule, haijui lolote. Mtesaji ameanza upya mahali ambapo hakuna jirani anayemjua.

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya umaskini wetu, nchi zilizoendelea zimeyamaliza. Hapana. Mwaka 2000 jijini London alikufa mtoto wa kike wa miaka minane aliyeitwa Victoria Climbié. Alizaliwa Kodivaa, Afrika Magharibi. Wazazi wake walimkabidhi kwa ndugu wa ukoo aliyeahidi kumpeleka Ulaya akasome. Hapo naomba usikilize vizuri, maana ahadi kama hiyo inatolewa kila siku kwa wazazi wa Singida, Dodoma na Iringa: nipeni mtoto, nitakwenda kumsomesha Dar es Salaam. Victoria aliteswa na ndugu yule pamoja na mwanaume aliyekuwa akiishi naye, hadi akafa. Wote wawili walifungwa maisha.

Uchunguzi wa serikali ya Uingereza, ulioongozwa na Lord Laming, ulitoa ripoti yake Januari 2003. Kilichobainika kiliwatia watu uchungu kuliko kifo chenyewe. Mtoto yule hakuwa amefichika. Alikuwa amepita mikononi mwa idara nne za ustawi wa jamii, hospitali mbili, na polisi wa watoto. Zilikuwapo nafasi zisizopungua 12 ambapo mtumishi fulani angeweza kuingilia kati kwa hatua ya kawaida kabisa. Magari yalikuwapo, simu zilikuwapo, mishahara ilikuwapo. Kila ofisi ilidhani ofisi nyingine inalishughulikia. Ripoti ilitoa mapendekezo 108, na mwaka uliofuata Uingereza ikatunga sheria mpya ya watoto.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tuwaombe maafisa zaidi, na magari zaidi, na tuwaombe kwa nguvu zote. Lakini tusidanganyane kwamba hayo peke yake yatatosha. Jambo ambalo London ililikosa kwa utajiri wake, nasi tunalikosa kwa umaskini wetu, ni moja: jalada la mtoto lilikuwa halina mwenyewe. Kila jalada la mtoto linapaswa kuwa na mtu mmoja, mwenye jina, ambaye anaulizwa leo, kesho na baada ya mwezi: mtoto yuko wapi, na amelalaje?

Ndugu zetu wa Zanzibar walipofungua kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, katika hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, walikiita Mkono kwa Mkono. Polisi, daktari na mshauri wanakuwa mahali pamoja, aliyeumizwa haanzi kusimulia upya kila mlango. Baadaye vituo vya aina hiyo vikaanza na huku Bara, ikiwamo hospitali ya Amana. Jina hilo limechaguliwa vizuri. Unapompa mwenzako mtoto mchanga ambebe, humwachii mpaka uhakikishe amemshika. Ndivyo ofisi zinavyotakiwa kupokezana mtoto aliyeumizwa. Huyu asiachie mpaka yule ameshika.

Basi tufanye nini huku mitaani kwetu, kabla ya magari na majengo? Nitasema manne.

Kwanza, ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari la taarifa za watoto. Anayeleta taarifa aandikiwe tarehe, apewe jina la afisa anayelichukua jambo lile, na siku ya kurudi kuuliza. Na wewe jirani, usiondoke ofisini na neno "tumesikia". Uliza kwa heshima: "Mheshimiwa mwenyekiti, nani amelichukua, na nije lini?" Ukiona panasuasua, piga 116. Na usiende peke yako. Wakienda wapangaji watatu au wanne wa nyumba moja, si rahisi mtu kusema ni chuki binafsi.

Pili, madiwani wetu wa Temeke na Kinondoni watenge katika mapato ya ndani fungu dogo la nauli. Nauli ya afisa kufika kwa mtoto, na nauli ya shahidi kufika mahakamani. Kesi nyingi za aina hii zinakufa kwa sababu mashahidi hawakufika, na mashahidi hawafiki kwa sababu ya elfu mbili tatu za daladala. Fedha hiyo ni kidogo mno kulinganisha na posho za kikao kimoja.

Tatu, familia yenye jalada la mtoto ikihama, mtendaji wa mtaa anakotoka aandike kwa mtendaji wa mtaa anakokwenda, au apeleke manispaa kama hajui alikokwenda. Mwalimu mkuu naye, akiona mtoto ametoweka bila uhamisho, aulize. Mwenye nyumba anajua gari lililobeba mizigo lilielekea wapi. Dereva wa kirikuu anajua zaidi. Jiji ni kubwa, lakini watu wanaonana.

Nne, na hili ndilo gumu, tuandae mahali pa mtoto kwenda. Mara nyingi anayemtesa mtoto ndiye anayelipa kodi ya chumba na kununua unga. Akikamatwa, nyumba inalala njaa. Mama anaona hivyo, anakwenda kituoni kufuta maelezo, ndugu wanakaa kikao, wanasema tuyamalize kifamilia. Hapo niseme wazi: mtu mzima aliyembaka mtoto hana kikao cha kifamilia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30. Mbuzi na laki mbili haviwezi kukaa mahali pa kifungo hicho, na mwenyekiti wa mtaa anayesimamia sulu kama hiyo anashiriki kumficha mhalifu. Lakini hatutamshinda mama huyo kwa kumtishia. Tutamshinda kwa kumwonyesha kwamba watoto wake watakula. Mpango wa familia za kuaminika, ambapo familia iliyochunguzwa inampokea mtoto kwa muda huku shauri likiendelea, ni mpango unaofanana na mila zetu wenyewe. Nani kati yetu hakulelewa kwa muda na shangazi, mama mdogo au jirani? Misikiti na makanisa yaliyojaa Mbagala na Tandale hayakosi familia kama hizo.

Kabla sijamaliza, niwatetee watu fulani. Wako wazazi ambao mtoto wao ana nguo iliyochanika na hajala mchana, si kwa ukatili, ila kwa sababu hawana. Baba anabeba zege, siku nyingine hakuna zege. Mama anafua nguo za watu. Sheria haikumlenga mtu huyo, ndiyo maana ikasema "mwenye uwezo lakini anakataa au anapuuza". Mtu huyo anahitaji msaada, hahitaji polisi. Jirani mwema anatofautisha. Mtoto wa maskini anakimbilia kwa mama yake akitishwa na jambo. Mtoto anayeteswa anamkimbia mtu wa nyumbani kwake. Ukitazama kwa makini utaona tofauti hiyo kabla ya kuona jeraha.

Na kuna yule msichana wa kazi aliyeletwa na ndugu, ambaye hayumo kwenye daftari lolote. Hayuko shuleni, mwalimu hamjui. Hana mama hapa mjini wa kumlilia. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini mwenye nyumba anasema huyu ni mtoto wa dada. Basi kama ni mtoto wa dada, mbona wa kwako anavaa sare asubuhi na yeye anachota maji? Hili si la kusubiri afisa. Hili unaweza kumwuliza shoga yako leo jioni mkiwa kibarazani.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo mtu mmoja haimalizi. Kama wiki hii umemsikia mtoto upande wa pili wa ukuta, nenda ofisi ya mtaa, nenda na mwenzako, na usirudi bila jina la mtu. Na wewe uliye ofisini, jalada likifika mezani kwako, kabla hujaliandikia kwamba lipelekwe ofisi nyingine, kwanza mtafute mtoto, umwone kwa macho yako.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa tukutane wiki ijayo.